MJADALA: Nafasi za wanawake kwenye vishale ni mbeleko? Tumtazame Fallon Sherrock

Mleta mada (Coventry)

Wakuu, heshima kwenu. Kila ikifika Desemba na mashindano ya dunia ya vishale yakaanza pale Alexandra Palace, London, swali hili hurudi: wanawake wanaotengewa nafasi kwenye mashindano ya wazi, pamoja na wanaume, wanabebwa? Wanaosema ndiyo humtolea mfano mtu mmoja, Fallon Sherrock. Kwao huyu dada alipata wiki moja nzuri mwaka 2019 na tangu hapo anaishi kwa jina. Mimi nasema hakubebwa, na nasema nafasi zile zibaki na ikiwezekana ziongezwe. Nataka tubishane kwa kazi yake yenyewe, maana wengi wanaomhukumu wameona video ya dakika mbili tu.

Kwa wasioufuatilia mchezo kwa karibu: kila mchezaji anaanza na pointi 501 na anazipunguza hadi sifuri, na kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye dabo, ule ukanda mwembamba wa nje unaozidisha pointi mara mbili, au katikati kabisa ya ubao. Kufika sifuri mara moja ni kushinda legi, na anayetangulia kupata legi tatu anachukua seti. Unasimama mita 2.37 kutoka kwenye ubao, na kitovu cha ubao kiko mita 1.73 kutoka sakafuni. Vipimo ni hivyo hivyo kwa kila mtu. Hakuna anayekusukuma, hakuna anayekukimbiza.

Sherrock alizaliwa 1994, ni mtu wa Milton Keynes, na kazi aliyosomea ni ususi. Mwaka 2015 alifika fainali ya dunia ya wanawake pale Lakeside, akafungwa 3-1 na Lisa Ashton, mama ambaye amelichukua taji hilo mara nne. Baada ya kujifungua aliugua figo, na dawa alizokuwa akitumia zikamvimbisha uso. Mwaka 2017 alipoonekana kwenye televisheni watu walimtukana mitandaoni kwa sababu ya uso ule. Hakuacha.

PDC, shirika linaloendesha vishale vya kulipwa, lilianza kutenga nafasi mbili za wanawake kwenye mashindano ya dunia kuanzia yale ya Desemba 2018. Mwaka uliofuata nafasi hizo walizishinda kwenye mchujo Sherrock na Mikuru Suzuki wa Japani. Nasisitiza walizishinda. Suzuki alitolewa na James Richardson kwa seti 3-2. Sherrock, tarehe 17 Desemba 2019, akamfunga Ted Evetts 3-2 na kumaliza kwa dabo ya 18. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kushinda mechi katika mashindano hayo. Gayl King wa Kanada alikuwa wa kwanza kuingia, kwenye mashindano ya 2001, akapata seti moja akatoka.

Siku nne baadaye alikutana na Mensur Suljović wa Austria, aliyekuwa wa 11 kwenye orodha ya waliopangwa. Suljović anarusha polepole, anakaa kwenye mstari, anamvurugia mwenzake mdundo. Wanaume wengi wazoefu wamepoteza subira mbele yake. Sherrock alirusha kwa mwendo wake ule ule tangu mwanzo, na mechi akaimaliza kwa kishale kilichoingia katikati kabisa ya ubao. 3-1. Raundi ya tatu akafungwa na Chris Dobey 4-2.

Sasa semeni. Mbeleko iko wapi hapo?

Mchangiaji wa Mwanza

Dada, heshima yako. Mimi vishale nacheza, naviona kila wikiendi, na huyo Sherrock namheshimu sana. Lakini umesimulia hadi Desemba 2019 ukanyamaza, ngoja niendelee mimi.

Tangu usiku ule wa Suljović, pale Alexandra Palace hakushinda tena. 2021 Steve Beaton alimfunga 3-2. 2022 Ricky Evans, 3-1. 2023 Jermaine Wattimena, 3-1. 2024 Ryan Meikle, 3-2. Mara nne mfululizo raundi ya kwanza. Kijana wa kiume asiye na jina akifungwa hivyo hakuna atakayemkumbuka, na kama kadi yake ya kulipwa, ile ruhusa ya kucheza mashindano ya PDC ya mwaka mzima, imeisha, anarudi kuifuata kwenye mchujo kama wengine. Yeye anarudi kwa mlango wa wanawake.

Na mlango wa kawaida upo. Hakuna kanuni inayomkataza mwanamke kwenda mchujo wa Januari kutafuta kadi. Lisa Ashton alikwenda Januari 2020, akaipata, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo kupitia mchujo ule. Sherrock alikuwa kwenye mchujo huo huo, wiki chache tu baada ya kumfunga Suljović, na hakuipata. Huyo Ashton ndiye ningemwita shujaa.

Sisi Watanzania viti maalum tunavijua. Vilikuja kwa nia njema, lakini wapo waliokaa humo vipindi na vipindi bila kugombea jimbo. Mchezo usifike huko.

Mleta mada

Mkuu, asante kwa kuja na matokeo na siyo kelele.

Beaton uliyemtaja amewahi kuwa bingwa wa dunia, 1996. Alimfunga Sherrock kwa seti ya mwisho. Meikle naye kwa seti ya mwisho. Katika raundi ya kwanza nusu ya walioingia ukumbini wanatoka, hiyo ndiyo hesabu ya mtoano, na wengi wao wana kadi mfukoni na miaka kumi ya mechi za kila wiki. Hatusemi nafasi zao zifutwe.

Halafu umeruka mengine yote ya mwaka 2021. Septemba alifika fainali ya Nordic Darts Masters, Copenhagen, akafungwa na Michael van Gerwen 11-7. Van Gerwen, bingwa wa dunia mara tatu. Novemba akaingia mashindano ya Grand Slam pale Wolverhampton. Kundini kwake alikuwepo Peter Wright, alikuwepo Gabriel Clemens wa Ujerumani, alikuwepo Mike De Decker wa Ubelgiji. Sherrock alimpiga De Decker 5-0, hakumwachia hata legi moja. Mechi ya mwisho ya kundi alihitaji kumshinda Clemens ili avuke, na akaifunga kwa 170. Ambao hamchezi, 170 ndiyo pointi nyingi kabisa zinazoweza kumalizwa kwa vishale vitatu: viwili kwenye ukanda mwembamba wa ndani wa 20, unaozidisha mara tatu, na cha tatu katikati ya ubao. Hakuna njia nyingine. Alivirusha vyote vitatu kwenye legi ya kuamua nani abaki na nani aende nyumbani.

Akakutana tena na Suljović, hatua ya 16 bora, akamfunga tena, 10-5. Robo fainali Wright alimtoa kwa 16-13. Hiyo ni mechi ndefu, mkuu, legi 29. Bahati haidumu legi 29.

Mchangiaji wa Nairobi

Wadau, mimi nawaletea mfano wa huku kwetu, maana naona mnazunguka London tu.

Desemba 2025 David Munyua, Mkenya, daktari wa mifugo, alisimama Alexandra Palace. Mkenya wa kwanza kucheza mashindano hayo. Aliingiaje? Kwa nafasi ya Afrika. Hakuwa na kadi ya kulipwa, hakucheza mashindano ya kila wiki kule Wigan na Leicester. Nafasi ilitengwa kwa bara letu, akaishinda huku, akaenda.

Mpinzani wake alikuwa nani? Mike De Decker, huyo huyo ambaye dada ametaja hapo juu, na kufikia hapo alikuwa ameshachukua taji la World Grand Prix la 2024. Munyua akawa nyuma seti 2-0. Mimi nilikuwa naangalia na vijana wa mtaani kwetu na tulikuwa tumeshaanza kusema si neno, amefika, inatosha. Akarudi seti moja, akarudi ya pili, akashinda 3-2. Raundi iliyofuata akatolewa.

Kuna Mkenya hata mmoja aliyesema Munyua alibebwa? Hakuna. Tulishangilia hadi usiku wa manane. Basi ndugu yangu wa Mwanza, nieleze, nafasi ya bara ni halali na nafasi ya wanawake ni mbeleko, tofauti iko wapi?

Mchangiaji wa Mwanza

Tofauti ipo na ni kubwa, ndugu yangu.

Munyua nafasi ile ilikuwa njia yake ya pekee. Mchujo wa kadi unafanyika Uingereza na Ujerumani. Mtu wa Nairobi au wa Mwanza anahitaji viza, tiketi ya ndege, hoteli, siku za kukaa huko, na bado anaweza kufungwa asubuhi ya kwanza akarudi mikono mitupu. Ndiyo maana bara limetengewa nafasi. Sasa Sherrock ni Mwingereza. Na mchujo wa Uingereza miaka ya karibuni unafanyikia wapi? Milton Keynes. Nyumbani kwake. Anaweza kulala kitandani mwake, akanywa chai, akaenda kucheza. Hana bahari ya kuvuka.

Ukiniambia mwanamke wa Kenya au wa Tanzania atengewe nafasi nitakuunga mkono leo hii. Mwingereza mwenye kila kitu mlangoni, hapana.

Mchangiaji wa Leeds

Naomba niingie hapo kwenye "kila kitu mlangoni".

Mimi ni muuguzi, nafanya kazi za zamu, nina watoto wawili, nimeishi Uingereza muda mrefu, na ligi ya baa ya hapa mtaani nacheza Jumanne. Kaka yangu wa Mwanza anaongea kama vile kilichobaki ni kwenda tu. Tuangalie basi maisha ya mwenye kadi. Kadi zipo 128. Mwenye kadi anacheza mashindano thelathini na zaidi ya sakafuni kwa mwaka, yale yasiyo na watazamaji, pamoja na yale ya Ulaya. Leo Wigan, wiki ijayo Hildesheim, Ujerumani. Nauli yako, hoteli yako, na ukifungwa mechi ya kwanza hupati kitu.

Sasa mwanamke mwenye mtoto mdogo anatoka wapi na pesa ya maisha hayo? Nitawapa hesabu moja tu. Julai 2022, Winter Gardens, Blackpool, wanawake walichezewa World Matchplay yao kwa mara ya kwanza. Sherrock akalichukua taji, akamfunga Aileen de Graaf wa Uholanzi 6-3. Zawadi ya bingwa pauni 10,000. Jioni ya siku hiyo hiyo, jukwaa lile lile, ubao pale pale, van Gerwen alichukua taji la wanaume. Pauni 200,000.

Ile ya mwanamume inalipa nauli na hoteli za miaka. Ile ya mwanamke inaisha kabla mwaka haujaisha. Halafu tunashangaa kwa nini wanaume wana mechi nyingi zaidi mkononi.

Na lile jambo la uso, msilipite haraka. Mtu anaumwa figo, ametoka kuzaa, anasimama mbele ya kamera kufanya kazi yake, na watu wasiomjua wanamwandikia matusi kuhusu mashavu yake. Sijawahi kusikia mwanamume wa vishale akitukanwa kwa sababu ya mashavu. Wanene wapo, wenye vipara wapo, wanapendwa na kuimbiwa nyimbo. Kabla ya kishale kutoka mkononi yeye ameshalipa kitu ambacho Evans na Wattimena hawakulipa.

Mchangiaji wa Mwanza

Dada wa Leeds, la matusi niko nawe kabisa, ni aibu, na aliyefanya hivyo hana utu.

La pesa sikubaliani. Zawadi inatokana na tiketi na televisheni. Ukumbi ule jioni ulijaa kwa ajili ya fainali ya wanaume. PDC siyo serikali.

Mleta mada

Lakini televisheni ile ile ndiyo iliyomfuata Sherrock, mkuu. Desemba 2019 watu ambao hawajui hata 501 ni nini waliufungua mchezo kwa sababu yake. Billie Jean King, aliyepigania malipo sawa kwenye tenisi tangu miaka ya 1970, alimpongeza hadharani. Miezi miwili baadaye PDC yenyewe ilimwalika Premier League ya vishale, usiku mmoja pale Nottingham, akatoka sare 6-6 na Glen Durrant, na Durrant ndiye aliyelichukua taji la ligi hiyo mwaka huo. Kama soko ndilo linaloamua, soko lilishasema. Aliyewaingizia watazamaji wapya alilipwa raundi yake ya tatu, wakaendelea na mambo yao.

Mchangiaji wa Mombasa

Wanangu, hamjambo. Nimewasoma wote na nasikitika kwamba mnamjadili Fallon kana kwamba hakuna mwingine.

Mimi napinga pande zote mbili. Kwa nini kipimo cha mwanamke kiwe kumfunga mwanamume? Mashindano ya dunia ya wanawake yapo tangu 2001, na Trina Gulliver aliyachukua mara kumi. Mara kumi! Nani kati yenu alikuwa amemtaja kabla yangu? Hakuna, kwa sababu hakumfunga Suljović kwenye televisheni. Mnawatukuza wanawake pale tu wanapomwangusha mwanamume.

Mtazameni Beau Greaves, binti wa Doncaster, aliyezaliwa 2004. Alichukua ubingwa wa dunia wa wanawake pale Lakeside mwaka 2022, 2023 na 2024. Desemba 2022 alikwenda Alexandra Palace, William O'Connor akamfunga 3-0. Basi baada ya hapo PDC ikaweka kanuni: mwanamke atakayecheza mashindano yao ya dunia asicheze yale ya wanawake ya Lakeside, achague moja. Binti akachagua Lakeside. Miaka miwili mfululizo aliikataa Alexandra Palace, na alisema wazi kwamba anayathamini mashindano ya wanawake. Nilimpenda zaidi siku ile. Nafasi mlizotengewa mnazililia, na mwenye kipaji kuliko wote alizikataa.

Imarisheni mashindano ya wanawake kwanza. Yawe na zawadi nzito, yawe na televisheni, msichana ajue akiwa bingwa pale amefika kileleni. Hizo nafasi mbili tatu za kuingia kwa wanaume ni makombo.

Mchangiaji wa Nairobi

Mzee wangu, shikamoo. Hapo kwa Gulliver umetugonga, ni kweli hakuna aliyemtaja.

Lakini Greaves hakukaa kwenye kuchagua Lakeside. Oktoba 2025, Wigan, nusu fainali ya dunia ya vijana, alimfunga Luke Littler 6-5. Littler, bingwa wa dunia wa wakubwa! Fainali yake ikawa Novemba, Gian van Veen wa Uholanzi akamfunga kwa legi ya mwisho, 6-5. Akapata kadi ya kulipwa kupitia mashindano ya vijana, wanaume na wanawake pamoja. Na Desemba hiyo akarudi Alexandra Palace, Daryl Gurney akamtoa 3-2.

Mchangiaji wa Mwanza

Asante ndugu wa Nairobi, umenifanyia kazi yangu. Greaves kapata kadi kwa matokeo. Ashton kabla yake vile vile. Njia ya kawaida inafanya kazi, basi nafasi maalum ni za nini?

Mleta mada

Nitajibu wote wawili, nianze na mzee. Shikamoo mzee wangu.

Nakubaliana nawe kwamba mashindano ya wanawake yanastahili heshima na pesa, na kwamba kumtaja Gulliver ni deni letu sote. Ila kanuni uliyoitaja ndiyo inayoniudhi kuliko jambo lolote katika mchezo huu, na haipingi hoja yangu. Greaves hakuzikataa nafasi zile kwa sababu ni makombo. Alilazimishwa kuchagua. Littler akiwa kijana amecheza mashindano ya vijana na ya wakubwa mwaka ule ule, hakuna aliyemwambia achague. Mwanamke ndiye anayeambiwa: ukitaka kwa wakubwa, liache taji la wenzako. Kanuni ile iondolewe, na huenda ubishi wako na wangu ukaisha siku hiyo hiyo.

Sasa mkuu wa Mwanza. Hoja yako ya Milton Keynes ni nzuri, na sitaikwepa. Ni kweli mchujo uko nyumbani kwake. Lakini mchujo ni siku chache za Januari. Mtu hajengwi siku zile. Anajengwa na mechi za kila juma dhidi ya watu wanaopata pointi 100 kwa wastani kwa kila vishale vitatu bila kuchoka, mpaka mkono unazoea kwamba ukikosa dabo moja hutapata nyingine. Ashton unayemsifu aliipata kadi Januari 2020. Machi janga la korona likaufunga mchezo. Kadi ni ya miaka miwili, na sehemu kubwa ya miwili yake iliharibika hivyo, akaipoteza. Njia ya kawaida ilimpa mwanamke mmoja kadi mwaka 2020, na Greaves akaja kuipata kwa ajili ya msimu wa 2026. Miaka sita katikati. Hiyo ndiyo njia unayosema inafanya kazi.

Na Greaves huyo alipataje mechi ngumu? Alicheza Women's Series, yale mashindano ya wanawake ya PDC, aliingia Grand Slam kwa nafasi za wanawake, alisimama kwa O'Connor mwaka 2022 kwa nafasi ya wanawake, akafungwa 3-0, akaondoka akijua ukumbi ule unanuka nini na unapiga kelele kiasi gani. Miaka mitatu baadaye Gurney alihitaji seti ya tano kumtoa. Nafasi maalum ilikuwa sehemu ya njia yake ya kawaida. Huwezi kuzikata mbili hizo ukabaki na Greaves yule yule.

Turudi kwa Sherrock. Machi 2023, Hildesheim, kwenye Challenge Tour, yale mashindano ya wasio na kadi, alimaliza legi kwa vishale tisa. Pointi 501 kwa vishale tisa, haiwezekani pungufu ya hapo. Mwanamke wa kwanza kufanya hivyo kwenye mashindano ya PDC. Hapakuwa na ukumbi wa kuimba, hapakuwa na pauni elfu kumi. Mtu anayeishi kwa jina hafungi safari hadi Hildesheim mwezi Machi kucheza kwenye ubao wa pembeni na wasio na kadi. Mwaka huo mfalme wa Uingereza akampa nishani ya MBE, na mimi naona aliistahili kwa Hildesheim kama alivyoistahili kwa Alexandra Palace.

Mchangiaji wa Leeds

Huo mstari wa Hildesheim nimeusoma mara mbili. Kwenye ligi yetu ya baa tuna wanawake watatu kati ya wachezaji karibu arobaini. Kila mmoja wetu ameshaulizwa kama amekuja kumsubiri mumewe. Mwaka 2019, kabla ya Krismasi, mwenye baa aliweka mechi ya Suljović kwenye skrini kubwa, na wanaume wale wale walisimama kimya kwenye vishale vya mwisho. Juma lililofuata hakuna aliyeniuliza namsubiri nani. Hilo halimo kwenye orodha ya matokeo ya kaka yangu wa Mwanza.

Mchangiaji wa Mwanza

Dada wa Leeds, nimekusoma.

Basi niweke msimamo wangu upya msije mkasema nakimbia. Kanuni ya kumlazimisha mwanamke achague, ifutwe, hapo niko na mzee na niko na mleta mada. Zawadi ya wanawake ipande, nimekubali, ingawa sitaki ipande kwa amri. Ila nafasi za kutengwa kwenye mashindano ya dunia bado nataka ziwe na kikomo. Wanawake wakishakuwa na kadi, tuseme watano au sita kwa wakati mmoja, zifungwe, na kila mtu aingie kwa mlango mmoja. Kama hazina mwisho zitageuka haki ya kudumu, na msichana wa Doncaster wa kesho atatafuta nafasi ile badala ya kutafuta kadi.

Mleta mada

Kikomo cha namna hiyo nakipokea, mkuu, kwa sharti moja: kihesabiwe kwa kadi zilizoshikwa na siyo kwa miaka iliyopita. Tukisema miaka mitano, PDC watasubiri miaka mitano bila kufanya kitu halafu watafunga. Tukisema kadi tano, watalazimika kuwasaidia wanawake kuzipata: nauli za mashindano ya sakafuni, mahali pa watoto siku za mchujo, zawadi za Women's Series zinazotosha kulipa hoteli ya Hildesheim.

Na wewe ndugu wa Nairobi, hilo la Munyua usiliachie hapa. Nafasi ya Afrika nayo kuna watakaoiita mbeleko siku Mkenya akifungwa 3-0 raundi ya kwanza miaka mitatu mfululizo. Hoja tutakazowajibu ni hizi hizi.

Mchangiaji wa Mombasa

Mwanangu, kadi tano nakubali. Ila andikeni na Lakeside humo. Bingwa wa Lakeside apate nafasi yake Alexandra Palace moja kwa moja, bila kuliacha taji.

Mleta mada

Iandikwe, mzee. Anayepinga kipengele hicho aje na sababu yake, mjadala bado uko wazi.